Shomoro si kwelea: mjue ndege wa uani kwako kabla ya kushika sumu

Kila mwaka, mtama na uwele vinapoanza kutoa masuke, ujumbe wa wasikilizaji wetu huwa wa aina moja: "Mtangazaji, shomoro wanatumaliza huku, tutumie dawa gani?" Wengine hutuma na picha. Ukizitazama picha hizo unagundua kwamba neno moja, shomoro, limebebeshwa ndege wanne au watano tofauti. Yumo shomoro mwenyewe, yumo kwelea, yumo mnana jike, na mara nyingine yumo ndege aliyeingia shambani kufuata viwavi tu.

Kuchanganya huku kunaeleweka. Wote ni wadogo, wote wana rangi ya udongo, na wote huruka kabla hujawatazama vizuri. Shida inaanza pale jina linapoamua dawa. Mtu akishasema "shomoro wameingia," mwingine anaenda kutafuta sumu, anaichanganya na chenga za mahindi, anamwaga pembezoni mwa shamba. Jioni wanaokufa ni shomoro kumi waliokuwa wakiishi juu ya paa lake, njiwa wa jirani, na kuku wawili. Kwelea waliokula mtama wako wamelala kwenye matete kilomita kadhaa kutoka hapo, wazima kabisa.

Kwa hiyo leo tumjue shomoro: wako wangapi, kila mmoja anakaa wapi, na unamtofautishaje na yule mharibifu mkubwa.

Kwanza, shomoro ni yupi

Shomoro ni ndege mdogo mnene, mwenye mdomo mfupi na mpana kama koleo ndogo, uliotengenezwa kwa kuvunja mbegu. Harukiruki juu angani kama mbayuwayu, anapenda chini. Anatua, anaruka hatua mbili tatu kwa miguu yote miwili pamoja, anadonoa, anaangalia huku na huku, anadonoa tena. Akiona vumbi laini anajilaza na kujipiga mbawa humo kama kuku. Watu wa pwani, hasa wazee, wengine humwita jurawa.

Hapa Afrika Mashariki tuna zaidi ya aina moja ya shomoro wa kweli. Kiswahili hakijampa kila mmoja jina lake lililozoeleka, kwa hiyo baadhi ya majina nitakayotumia ni ya kueleza sura tu, ili tuelewane.

Shomoro wa nyumbani, mgeni aliyejenga

Huyu ndiye anayejulikana zaidi duniani, na watu wengi wanadhani amekuwapo hapa tangu enzi. Hapana. Asili yake ni Mashariki ya Kati, Asia na Ulaya. Alikuja kwetu kupitia bandari, pamoja na meli na watu wa Bahari ya Hindi. Zanzibar alikuwapo muda mrefu kabla watu wa bara hawajaanza kumwona. Kisha akapanda bara taratibu, akifuata miji, vituo vya mabasi, maghala na mashine za kusaga. Leo utamkuta mijini na kwenye vituo vya biashara sehemu nyingi za Tanzania na Kenya, na anaendelea kusogea.

Dume ni rahisi kumtambua. Utosi wake ni wa kijivu, pembeni mwa kichwa kuna rangi ya hudhurungi iliyokolea, mashavu meupe, na kooni ana doa jeusi linaloshuka kifuani kama aibu ya mtoto. Jike hana madoido hayo: ni wa rangi ya mchanga, mgongo una michirizi, na nyuma ya jicho kuna mstari hafifu mweupe. Uzito wake ni kama gramu 25 hadi 30.

Kinachomtofautisha na shomoro wengine ni kwamba hajui kuishi mbali na binadamu. Umkute porini, siku nzima ya kutembea kutoka kijiji cha mwisho? Ni vigumu sana. Anajenga kwenye tundu la ukuta, chini ya bati, ndani ya bango la duka, kwenye taa ya barabarani iliyoharibika. Anakula punje zilizoanguka sokoni, makombo ya mama ntilie, chakula cha kuku.

Uhusiano huo ni wa kale. Wanasayansi wanaamini ulianza Mashariki ya Kati zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, binadamu alipoanza kulima nafaka na kukaa mahali pamoja. Mwaka 2018 watafiti walilinganisha vinasaba vya shomoro wa nyumbani na vya ndugu yake wa karibu anayeishi Asia ya Kati, ambaye bado ni ndege wa porini na huhama kwa msimu. Walikuta tofauti kwenye kinasaba kinachohusika na umbo la fuvu, na kwenye kingine kinachohusika na kusaga wanga tumboni. Kinasaba cha jamii hiyo hiyo ya wanga kilibadilika pia kwa mbwa alipoacha kuwa mbwa mwitu akaja kula mabaki yetu. Kwa lugha nyepesi, ugali umemjenga mbwa na umemjenga shomoro.

Watu walipohama walimbeba, mara nyingine kwa makusudi. Marekani aliachiwa Brooklyn, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1850. Afrika Kusini alifika kupitia bandari zake karne ya 19, na kutoka huko amesambaa nchi nyingi za kusini mwa bara letu.

Vichwa vya kijivu, wenyeji wetu

Sasa tuje kwa wenye nyumba. Kama uko kijijini, na juu ya paa lako kuna shomoro mwenye kichwa cha kijivu kitupu, hana doa jeusi kooni, hana michirizi mgongoni, na dume na jike wanafanana huwezi kuwatenganisha, huyo ni mwenyeji. Mgongo wake ni wa kahawia, unaoelekea rangi ya kutu karibu na mkia, na koo lake ni jeupe kidogo.

Kundi hili la vichwa vya kijivu lina ndugu kadhaa wanaofanana sana, na hata wataalamu wamebishana kama ni aina moja au ni tano. Wanapokutana mipakani huzaliana, jambo linaloongeza ubishi. Ila kwa ujumla kila mmoja ana eneo lake.

Yupo anayeanzia Afrika Magharibi, anapita Uganda, hadi magharibi mwa Kenya na maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria. Huyu anapenda vijiji, migomba na miti ya kivuli iliyo karibu na nyumba.

Yupo ambaye wataalamu walimpa jina la shomoro Mswahili. Jina lake la kisayansi ni Passer suahelicus. Ukisikia jina hilo unadhani yuko Bagamoyo anasikiliza taarabu. Wapi! Huyu ni ndege wa nyanda za nyasi zenye migunga, kusini mwa Kenya na ndani ya Tanzania, nchi ya Mara na Serengeti. Kichwa na mgongo wake vina rangi moja ya kijivu cha udongo, kana kwamba alipakwa mara moja kwa brashi kubwa. Wafugaji wa maeneo hayo wanamfahamu vizuri kwa sababu hakosekani karibu na maboma.

Yupo mwenye mdomo mnene kama wa kasuku mdogo, na ndiye mkubwa kuliko shomoro wote wa huku, kama sentimita 18 kutoka mdomo hadi mkia. Huyu ni wa nchi kavu: Somalia, kusini mwa Ethiopia, kaskazini na mashariki mwa Kenya, hadi kona ya kaskazini mashariki ya Tanzania upande wa Mkomazi. Jina lake la kisayansi limetokana na Gongoni, mahali pa pwani ya Kenya.

Na kusini zaidi, kuanzia Zambia na Msumbiji kushuka hadi Afrika Kusini, yupo ndugu mwingine mwenye rangi iliyopauka zaidi.

Vichwa vya kijivu hawajifungi kwa binadamu kama yule mgeni. Paa la nyasi wanalipenda, bati wanalikubali, lakini pia wanajenga kwenye tundu la mti lililoachwa na gongota, au wanaingia kwenye kiota cha udongo kilichojengwa na mbayuwayu. Ndiyo maana utawaona shambani, porini na uani kwako, wote ni ndege wale wale.

Wengine wawili wa kuwajua

Nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania kuna shomoro mzuri kwa sura kuliko hao wote. Dume lake lina utosi wa kijivu, doa jeusi kooni kama la shomoro wa nyumbani, lakini kuanzia nyuma ya jicho hadi kiunoni ana rangi ya kutu inayong'aa, na macho yake ni meupe-meupe. Macho hayo ndiyo alama. Shomoro wa nyumbani ana macho meusi. Huyu wa macho meupe utamkuta Naivasha, kando ya Nairobi, Ngorongoro, kwenye nyasi zenye miti michache na kuzunguka mashamba ya ngano.

Wa pili ni mdogo kuliko wote, sentimita 11 hivi, na dume lake wakati wa kuzaliana huwa la rangi ya hudhurungi iliyokolea mwili mzima, kama mbegu ya ukwaju. Anakaa nchi kavu kuanzia Sudan hadi Tanzania ya kati. Tabia yake ni ya kinyang'anyi. Kujenga anaweza, lakini mara nyingi huchagua kiota kizuri cha mnana au cha ndege wengine wa jamii ya wafumaji, kisha dume na jike wanamsumbua mwenye nyumba siku baada ya siku mpaka anachoka na kuondoka. Wao wanahamia, wanaongeza manyoya kidogo ndani, wanataga.

Ndege huyo amepewa jina la Emin, yule daktari Mjerumani aliyekuwa gavana huko Sudan Kusini ya leo na ambaye mwaka 1890 alianzisha kituo cha Bukoba. Wakazi wa Bukoba wamsamehe tu ndege kwa tabia zake.

Zaidi ya hao wapo wengine, kama yule wa Kisomali upande wa kaskazini mwa Kenya, lakini kwa wasikilizaji wetu wengi hao niliowataja ndio watakaotua mbele ya macho yao.

Wanaoitwa shomoro na si shomoro

Mnana wote mnawafahamu wakiwa na manjano yao na viota vinavyoning'inia mtini. Wanaotuchanganya ni majike, na madume yaliyovua manyoya ya msimu. Hao hubaki na rangi ya majani makavu, na ukiwaona kwenye mtama unasema shomoro.

Kisha yupo ndege wa nchi kavu anayejenga viota vya nyasi vilivyochanguka, vingi upande mmoja wa mgunga, kama mtu ametupa mafungu ya majani mtini. Ana nyusi pana nyeupe na kiuno cheupe kinachoonekana akiruka. Tabia za chini kwa chini ni za shomoro, ila ni jamii ya wafumaji. Anakula mbegu za nyasi na wadudu.

Halafu anakuja kwelea, au kwelea kwelea kama wengi tunavyomwita.

Kwelea: angalia mdomo

Kama huna muda wa kukariri mengine yote, kariri hili moja. Mdomo wa kwelea ni mwekundu. Jike linapokuwa kwenye kiota mdomo wake hugeuka wa njano, lakini kwa sehemu kubwa ya mwaka kundi zima ni midomo mekundu. Mdomo wa shomoro haugeuki mwekundu hata siku moja. Ni mweusi, au wa kahawia, au wa rangi ya pembe.

Alama ya pili ni idadi. Shomoro wanatembea kwa familia: wawili, sita, ishirini, na baada ya mavuno pengine kundi la hamsini wakiokota punje uwanjani mnapopuria. Kwelea wanakuja kama moshi. Kundi linajikunja angani, la nyuma linaruka juu ya la mbele, na likitua mti unainama. Ndiye ndege wa porini anayedhaniwa kuwa na idadi kubwa kuliko wote duniani. Makadirio yanafika zaidi ya bilioni moja.

Alama ya tatu ni malazi. Shomoro jioni anarudi darini, ukutani, mtini hapo nyumbani. Kwelea wanalala pamoja kwa malaki na mamilioni kwenye matete, mashamba ya miwa au vichaka vya miiba, na asubuhi wanatoka kama jeshi.

Sasa fanyeni hesabu. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja linaondoka na tani 10 kwa siku moja. Hiyo ndiyo njaa inayoingia kijijini. Shomoro arobaini wa uani kwako, hata tukiwapimia kiasi hicho hicho, ni gramu 400. Hazifiki nusu kilo, na nyingi ya hizo ni punje zilizokwisha kuanguka chini, mbegu za magugu na chakula cha kuku ulichomwaga mwenyewe.

Sisemi shomoro hana hasara. Mstari wa mwisho wa mtama ulio karibu na nyumba ataudonoa, hasa punje zikiwa bado na maziwa. Atachungulia kihenge kilichofunikwa vibaya. Na kwenye banda la kuku ni mgeni asiyefaa, kwa sababu ndege wa porini anayekula sahani moja na kuku anaweza kuleta utitiri na magonjwa. Funika chakula, weka wavu wenye matundu madogo, na usikose chanjo ya mdondo ya matone kila baada ya miezi mitatu. Hizo ndizo dawa za shomoro, na zote hazihitaji sumu.

Anachofanya usichokiona

Kuna jambo moja ambalo mkulima halioni kwa sababu linafanyika darini. Shomoro mkubwa anakula mbegu, lakini makinda yake hayawezi. Kinda la siku mbili tatu linahitaji chakula laini chenye protini ili likue haraka, kwa sababu ndani ya wiki mbili hivi linatakiwa kutoka kwenye kiota. Kwa hiyo wazazi wote wawili wanawinda kutwa nzima: viwavi, panzi wadogo, vidukari, kumbikumbi. Simama chini ya kiota asubuhi moja uhesabu mara ngapi mzazi anaingia na kitu mdomoni. Utachoka wewe kabla yake. Na anavitoa wapi viwavi hivyo? Kwenye bustani yako ya mchicha, kwenye kunde, kwenye mahindi yaliyo nyuma ya nyumba.

Nchi moja iliwahi kujifunza hili kwa njia ngumu sana. Mwaka 1958 serikali ya China chini ya Mao Zedong iliendesha kampeni ya kutokomeza viumbe wanne waharibifu: panya, nzi, mbu na shomoro. Shomoro wa China ni wa aina nyingine, mwenye utosi wa hudhurungi na doa jeusi shavuni, lakini anaishi vijijini na mijini kama wetu. Hoja ilikuwa nyepesi: anakula nafaka ya wananchi. Watu waliitwa kutoka nje wote, wazee kwa watoto, wakapiga masufuria na ngoma mchana kutwa ili ndege wasipate pa kutua mpaka waanguke kwa uchovu. Viota vilibomolewa, mayai yakavunjwa.

Mwanasayansi wa ndege wa huko, Zheng Zuoxin, alifungua matumbo ya shomoro kuona wanakula nini hasa, akakuta wadudu pamoja na nafaka, na akasema wazi kwamba kuwamaliza si sahihi. Mwaka 1960 shomoro aliondolewa kwenye orodha, nafasi yake ikachukuliwa na kunguni. Wakati huo wadudu walikuwa wameshapata nafasi mashambani. Nchi ilikuwa ndani ya njaa kubwa ya miaka 1959 hadi 1961 iliyoua mamilioni ya watu. Njaa hiyo ilikuwa na sababu nyingi, kubwa zaidi zikiwa za sera za kilimo na ugawaji wa chakula. Lakini vita dhidi ya shomoro ilizidisha tatizo katika mashamba ambayo tayari yalikuwa taabani.

Kwingine shomoro amepungua bila mtu kumpigia ngoma. Uingereza, ambako zamani alikuwa kila mahali, mwaka 2002 aliwekwa kwenye orodha nyekundu ya ndege wanaohitaji kuangaliwa. London alikaribia kutoweka mitaa mingi. Nyumba mpya hazina matundu, bustani zimepigwa dawa hivyo hakuna viwavi vya kulisha makinda. India nako watu wa miji mikubwa walianza kuulizana ameenda wapi. Delhi ikamtangaza kuwa ndege rasmi wa jimbo mwaka 2012. Kila Machi 20, tangu 2010, kuna siku ya shomoro duniani. Wenzetu wanamkumbuka kwa sherehe ndege ambaye sisi bado anatuamsha saa kumi na mbili asubuhi.

Kuhusu sumu, tuseme wazi

Kupambana na kwelea kwa dawa ni kazi ya serikali. Dawa inayotumika kwa kawaida, iitwayo fenthioni, inapuliziwa jioni kwenye malazi yao kwa ndege au droni, na watu wenye mafunzo, baada ya wananchi kutangaziwa. Hapa Tanzania kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yaani TPHPA, ikishirikiana na shirika la kudhibiti nzige wa jangwani Afrika Mashariki. Hata hapo, dawa hiyo haichagui. Bundi, mwewe na ndege wengine waliolala hapo au waliokula mizoga hufa pia.

Ikiwa wenye mafunzo na ndege zao hawawezi kuifanya sumu ichague, wewe mwenye kopo na fimbo ya kukorogea utaifanyaje ichague?

Hatari kubwa zaidi ni sufuria. Maeneo mengi watu wanakula ndege wadogo, na hakuna ubaya. Kondoa kwa mfano wapo wanaotega kwelea kwa nyavu, wanapata kitoweo na fedha, na shamba linapona bila tone la dawa. Lakini ndege aliyeokotwa amekufa, au anayeyumba, au anayekamatika kwa mkono kirahisi, usimpeleke jikoni. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, watafiti waliwahi kueleza jinsi wawindaji walivyotega ndege wa kwenye majaruba ya mpunga kwa dawa ya wadudu ya kabofurani, kisha wakawauza kama nyama. Kabofurani na fenthioni zote zinashambulia mishipa ya fahamu, ya ndege na ya mtu kwa namna ile ile. Mtu aliyezipata hutokwa na mate na jasho jingi, hutapika, hutetemeka, mboni za macho husinyaa, na pumzi humpa shida. Akionyesha dalili hizo mkimbizeni hospitali mara moja, na kopo au karatasi ya dawa mwende nayo ili mganga ajue anapambana na nini. Watoto ndio wanaookota ndege waliokufa. Waambieni mapema.

Ufanye nini msimu huu

Ukiona mdomo mwekundu na makundi yanayoongezeka, usingoje yafike mamilioni. Fuatilia jioni wanaelekea wapi kulala, kisha mpelekee taarifa afisa ugani wa kata ukiwa na jina la bonde au kitongoji. Anayeripoti malazi anasaidia kuliko anayeripoti hasara, kwa sababu dawa hupigwa kwenye malazi.

Huku mkisubiri, kuamia ndege ndiko kunakookoa, ingawa kunachosha. Kwelea wanakula zaidi asubuhi na mapema, na tena kuanzia saa tisa alasiri hadi jua linapozama. Katikati ya mchana wanapumzika kivulini. Kama nguvu kazi ni kidogo, iweke saa hizo, na watoto msiwatoe darasani kwa ajili ya mchana mtupu. Majirani wakipanda kwa pamoja na kuamia kwa pamoja, kila dungu linasaidia jingine. Aliyepanda peke yake na mtama wake ukakomaa peke yake, huyo amewaandalia kwelea karamu. Vuna mara punje zinapokauka vya kutosha, usiuache shambani kusubiri sikukuu.

Kwa shomoro wa paa, kama anakuchafulia dari, ziba matundu yeye akiwa hana makinda. Mayai huchukua wiki mbili hivi kuanguliwa na makinda wiki mbili nyingine kutoka, hivyo ukisikia vilio darini subiri mwezi mmoja, kisha panda na saruji yako.

Na ukitaka tukusaidie kumtambua ndege wako katika kipindi, tuma picha, hata kama si nzuri sana, au ujumbe wa sauti. Tuambie rangi ya mdomo kwanza. Kisha kichwa: ni kijivu kitupu, au kina doa jeusi kooni, au kina michirizi? Walikuwa wangapi, saa ngapi, na jioni walielekea upande gani. Usisahau kutaja kijiji na wilaya.